Gata la Upande wa Mlimani

Aliyenikosa wiki zilizopita asihofu, jambo la leo linatembea kwa miguu yake. Jueni tu haya: mume wangu Aloys, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha pamba hapa Masii, nilikuwa nimemzika. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa. Na binti yangu Ndinda, niliyetegemea awe mwalimu, alikuwa ameacha chuo akaniletea nyumbani fundi wa mabati kutoka Yatta.

Fundi huyo alikuwa Mkikuyu, jina lake Gikonyo.

Mnaona jina hilo nimeliandika bila kutetemeka. Mwaka ule wa tisini na saba singelitamka hata kwa viboko.

Kwetu Ukambani mama mkwe na mkwe wake wana nthoni. Ni heshima na aibu zimesukwa pamoja kama kamba. Mkwe hamwangalii mama mkwe usoni. Mama mkwe hatamki jina la mkwe. Wakikutana njiani mmoja anapotea kichakani mpaka mwingine apite. Siku hizi watu wa kanisa wengi wameiacha, na wenzangu walinicheka, lakini mimi niliishika.

Niliishika sana. Na leo niseme ukweli ambao mchungaji nimemwambia nusu yake tu. Haikuwa nthoni peke yake. Nilikuwa na kinyongo. Mtu mwenye kinyongo akinyamaza ataitwa mbaya. Mwenye nthoni akinyamaza atasifiwa. Basi nikavaa nthoni, ikanitosha vizuri.

Mwaka mzima na zaidi sikuwa nimemsalimu mume wa binti yangu.

Mwezi wa tisa ulipokuwa unaisha, redio ikawa haina habari nyingine ila mvua. Mvua kubwa inakuja, El Nino, watu wajitayarishe. Sisi akina mama wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana, tulikuwa tumeruhusiwa kutumia lile jengo la kiwanda. Ndani tulikuwa tumeweka mbegu za nyumba zetu zote, mahindi, kunde na mbaazi, pamoja na katani ya kusukia viondo.

Jengo lilikuwa limeenda juu kama makanisa mawili yaliyobebana. Magata yake, ile mifereji ya bati inayopokea maji ya paa, yalikuwa yamejaa udongo na mavi ya ndege. Nyasi ilikuwa imeota huko juu mpaka mtu angefikiri ni shamba la mwenyewe. Mvua ikija magata yakiwa yameziba, maji yote yataingia ukutani, na mbegu zitaoza kabla hatujapanda.

Pauline, mwenyekiti wetu, akaja jikoni kwangu.

"Mama Ndinda, tumepata fundi wa magata."

"Nani?"

"Unamjua."

"Kama ninamjua si umtaje?"

"Nikimtaja si utakimbilia kichakani!" Akacheka mpaka uji ukataka kumwagika. "Ni mkwe wako. Hakuna mwingine Masii hii asiyeogopa kule juu. Na unajua nilipomuuliza atataka nini, alisema nini?"

"Sema."

"Alisema kazi hiyo anaifanya ili mama amsalimie. Hicho tu."

Macho yangu hayakuwa kwa Pauline. Yalikuwa juu ya kichwa chake, kwa paa la jiko langu.

Paa hilo limeshikwa na vyuma vinne, vimekunjwa kama kiwiko cha mkono. Wageni huviangalia wakasema, kweli Aloys alijua kujenga. Vyuma hivyo si vya Aloys. Ni vya kiwanda.

Mwaka wa sabini na tisa msimamizi alimpa mume wangu vyuma vipya afunge gata la upande wa mlimani, kona ya mwisho, kwa sababu vile vya zamani vilikuwa vimeoza. Wakati huohuo jiko letu lilikuwa limeanguka. Aloys akaja nyumbani na vyuma vimefichwa ndani ya gunia la pamba. Kule juu alifunga gata kwa waya, akaipaka lami. Ukiangalia kutoka chini ungeapa ni chuma.

"Itashika," aliniambia. "Mpaka nirudi kuifanya vizuri."

Hakurudi. Akaokoka, akawa mzee wa kanisa. Na mzee wa kanisa atarudije na ngazi kurekebisha wizi wake watu wakiangalia? Anaufunika na kuomba.

Sasa Pauline alikuwa ameketi chini ya vyuma hivyo, anakunywa uji wangu, ananiambia mkwe wangu atapanda pale.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Ni nthoni," nikasema.

Yeye akatikisa kichwa kwa huruma. Akaaga akaenda.

Alhamisi asubuhi nilifika kiwandani mapema na kiondo changu, kama mtu anayekwenda kusuka tu. Nilikuwa nimeamua. Nitamwonya, lakini kwa njia ya kupitia mtu. Sitataja waya, sitataja Aloys. Nitasema tu mahali.

Gikonyo alikuwa tayari yuko pale, anakunywa chai ya chupa karibu na lango. Alikuwa mwembamba, mrefu, na kofia ya kitambaa cheusi ambayo haikuwa inatoka kichwani ila kanisani. Nikajifunika leso usoni, nikampitia mbali.

Msaidizi wake alikuwa Festus, mzee mwenzangu, aliyekuwa akipaka mashine mafuta zamani za kiwanda. Mwili mkubwa, magoti mabaya, mdomo mzima.

"Festus, kuja hapa."

"Niko, Mama Ndinda. Umelalaje?"

"Nimelala. Sikiza. Mwambie mwenye ngazi asikanyage gata la upande wa mlimani. Afanye kazi akiwa kwa ngazi, gata lenyewe asilikanyage."

"Kwa nini?"

"Mwambie tu hivyo."

"Si umwambie mwenyewe? Si yule pale anakunywa chai?"

"Unajua siwezi."

"Aka! Nthoni ya mwaka gani hii?" Akashika kiuno. "Mtoto wa watu ametoka Yatta, amekuolea msichana, msichana ana mimba ya miezi saba huko nyumbani, na wewe bado unamwita mwenye ngazi!"

"Festus."

"Naenda, naenda. Mimi ni posta."

Nilimwona akimfikia. Nilimwona akisema. Gikonyo akauliza kitu, akanyoosha mkono kuelekea mbali, Festus akaitika kwa kichwa. Halafu mkwe wangu akageuka upande wangu. Hakunitazama usoni, heshima alikuwa nayo. Alitazama chini, miguu yangu, akavua kofia yake, akainama.

Nikairudisha leso usoni.

Festus akarudi anacheka. "Amefurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe! Amesema, kama mama amefikiria maisha yangu, basi leo mimi niko nyumbani."

Hayo maneno bado yananila.

Lakini wakati ule nilisikia mzigo umeteremka. Nimesema. Nimemwonya. Nikajiunga na wenzangu chini ya ukuta, tukasuka. Pauline alianzisha wimbo. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimemaliza mistari mitatu na nilikuwa hata ninacheka na wengine.

Gikonyo alikuwa na ngazi mbili za mbao. Kamba yake, ile ambayo angejifunga nayo kiunoni, aliitumia kuziunganisha ili zifike juu.

"Fundi, na wewe utafungwa na nini?" Pauline akamuuliza.

"Na maombi yenu, mama!"

Wakacheka wote.

Aliifunga vizuri, akapanda. Tulisikia nyundo yake. Alikuwa anagonga, anachota udongo kwa mwiko, anautupa chini, akina mama wanapiga kelele udongo usiwaingie machoni. "Pole, mama zangu! Ni shamba la ndege hili, nalima!"

Baadaye nikanyanyua kichwa.

Ngazi ilikuwa upande wa Mbooni, ule wa mlimani.

Na yeye hakuwa kwa ngazi. Alikuwa amesimama ndani ya gata lenyewe, anatembea taratibu kuelekea kona, mkono mmoja umeshika ukingo wa bati la paa, kama mtu anayetembea kwa ukuta wa kisima.

Kiondo kikaniponyoka.

"Festus!" Nikamfuata mbio. "Festus, nilikwambia nini?"

"Ati nini?"

"Asubuhi! Nilikwambia umwambie nini?"

"Asikanyage upande wa mlimani. Nikamwambia."

"Na mlimani ni wapi?"

"Si huku, Mbooni." Akaonyesha. Kisha mkono wake ukasimama hewani. "Lakini..."

"Lakini nini?"

"Aliniuliza, mlimani, kule? Akanyoosha mkono kule ng'ambo. Nikafikiri ananionyesha kwao."

Kule ng'ambo ni Kilimambogo. Mtu wa Masii akisema mlimani anasema Mbooni, hana mlima mwingine. Lakini mtoto aliyelelewa Yatta huamka kila asubuhi anauona Kilimambogo mlangoni. Huo ndio mlima wake. Mimi nimemwambia asikanyage upande wa mlimani, na yeye kwa utiifu ameuacha upande ule mzuri, ameuchagua huu. Amekanyaga huku kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia huku ni salama.

Mtu akiambiwa jambo na mdomo wa mwenyewe anauliza, mlima upi, mama? Hakuwa na wa kuuliza. Mdomo wenyewe niliufunika na leso.

"Mwite ashuke," nikamwambia Festus. "Mwite sasa!"

"Fundi!" Festus akaita. "Fundi, we! Shuka!"

"Ngoja!" sauti ikatoka juu. "Namaliza hii kona!"

"Shuka kwanza!"

"Ati nikuletee nini?"

Nyundo ikaanza tena. Bati lile likigongwa husikii hata mawazo yako. Wenzangu nao wakaanza kuita, fundi, fundi, lakini fundi ni neno la kila mtu. Kila saa walikuwa wanamwita fundi, fundi tutupie hiki, fundi kunywa maji. Aliinua mkono tu, akaenda hatua nyingine.

Angekuwa na mtoto amezaliwa, ningemwita Baba Fulani, na nthoni isingevunjika. Mtoto alikuwa bado tumboni.

Festus akashika ngazi kupanda, magoti yakamkatalia kwenye kipandio cha pili.

Hatua nne zilibaki kufikia waya ya Aloys. Kisha tatu.

Nilitoa leso usoni. Nikajaza kifua.

"Gikonyo!"

Sauti hiyo sikuijua. Sindano zote za viondo zilisimama. Nyundo ikanyamaza.

Akageuka. Alitafuta chini kati ya wanawake wote wale, akaona ni mimi, uso wazi, nimemtazama. Na mkwe wangu akafanya alichofundishwa na mama yake. Aliachilia ukingo wa bati. Akavua kofia.

"Naam, mama."

Waya ilikatika kwa mlio mdogo tu, kama uzi wa kiondo ukikatwa kwa meno.

Kona ya gata ikainama, yeye akateleza nayo, na katika kuteleza akaidaka kwa mikono miwili. Kofia ilianguka kwanza. Yeye akabaki ananing'inia, miguu inatafuta hewa.

"Wui! Wui, mwaitu!" Kila mwanamke alimwita mama yake.

"Katani!" Pauline akapiga kelele. "Acheni kulia, leteni katani! Zote!"

Tukakimbia ndani. Mafurushi ambayo kila siku tulibeba wawili, kila mtu alibeba peke yake. Tukayatupa chini yake. Festus alikuwa anaiburuta ngazi kando ya ukuta, anapumua kama ng'ombe.

"Fundi, shika! Naileta!"

"Nimeshika, mzee," Gikonyo akajibu. Aliongea kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Ilete tu polepole. Kushoto. Kushoto kidogo."

Ngazi ikagusa ukuta. Mguu wake ukapapasa. Ukakosa. Ukapapasa tena, ukapata kipandio.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mtu alisema asante Yesu, mwingine akanikumbatia, sijui ni nani. Mimi nilipiga magoti pale kwenye udongo wa magata nikamwahidi Mungu kila kitu. Nitamwita kwa jina kila siku. Nitamchinjia. Nitavitoa vyuma jikoni kwangu na mikono yangu nivirudishe, watu waone.

Bado naahidi, nikasikia chuma kinalia.

Vyuma vingine vya gata vilikuwa vimefungwa siku moja na vile vilivyooza. Vilikuwa vimezoea kusaidiana. Kona ilipoanguka, uzito wote ulikuja kwao. Kimoja kikang'oka, kikafuata kingine, kikafuata kingine, kama vifungo vya shati. Gata lote likashuka na udongo wake wa miaka, likaifagia ngazi kutoka ukutani pamoja na mtu wake.

Alianguka kando ya katani. Hatua mbili kando.

Vumbi lilipokaa, Festus alikuwa tayari amepiga magoti hapo. Gikonyo alikuwa amelala chali, macho wazi. Hakuna damu. Nikasema moyoni, hakuna damu, Bwana asifiwe.

"Uko hai, fundi?"

"Niko."

"Unaumia wapi?"

Akafikiri. "Siumii. Festus, hebu ninyooshe miguu. Nafikiri imekunjana."

"Naivuta, fundi."

"Bado hujaivuta."

Festus alinitazama. Alikuwa ameishika yote miwili, kwa vifundo, na alikuwa ameshainyoosha.

Pauline akatoka mbio kutafuta gari sokoni. Wengine walisimama mbali kidogo, mikono vichwani. Mimi nikasogea. Nilikuwa sijawahi kumkaribia hivyo mwanamume huyu. Sikujua ana kovu dogo chini ya kidevu. Sikujua ni kijana hivyo.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefunga kitu. Akaufungua. Kilikuwa kipande cha waya nyeusi, lami bado imeishika.

"Mama," akasema. Aliitazama waya, si mimi. "Hii haikuwa chuma. Ilifungwa na mtu. Halafu ikapakwa isionekane."

Nikaitazama lami ile.

"Asubuhi ulinitumia neno. Nilifikiri ni la mzazi tu, kwamba niwe mwangalifu." Akaigeuza waya kiganjani. "Ulijua iko hapo?"

Ningeweza kujifunika. Kila mtu pale angesema, muacheni, ni nthoni, hawezi kuongea na mkwe wake. Hata yeye angekubali. Njia ilikuwa wazi kama barabara ya Machakos.

"Nilijua," nikasema.

Gikonyo akafumba macho.

Kisha nyuma yangu nikasikia pumzi ya mtu aliyetembea haraka na mzigo mzito, pumzi ya mwanamke mwenye mimba. Sikugeuka. Chombo cha muthokoi, chakula cha mchana cha mume wake, kilikuwa kinanukia, bado kina moto.

"Mwaitu," Ndinda akaniita. "Ulijua nini?"